Hoja Potofu katika Mabishano ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa katika midahalo ya shule, vikao vya ukoo, mikutano ya vikundi vya kuweka na kukopa, na makundi ya WhatsApp. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yenye utata. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa katika jibu jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Hoja potofu ni nini hasa?

Hoja ni dai linaloambatana na sababu. Mtu akisema "Daraja hili lifungwe," ametoa dai tu. Akisema "Daraja hili lifungwe kwa sababu nguzo yake ya pili imepata ufa," ametoa hoja, kwa kuwa sasa ipo sababu ambayo tunaweza kuteremka mtoni na kuikagua. Hoja huwa potofu pale ambapo sababu iliyotolewa haina nguvu ya kulibeba dai lililotwikwa juu yake, ingawa masikioni mwa msikilizaji inaonekana kulibeba. Mwonekano huo ndio hatari yenyewe, kwani kosa lililo wazi halimdanganyi mtu, ilhali hoja potofu hupenya kwa sababu imefanana mno na hoja nzuri.

Kila hoja basi inapaswa kuulizwa maswali mawili yasiyochanganywa. Je, sababu iliyotolewa ni ya kweli? Na je, hata ikiwa ya kweli, inatufikisha kwenye hitimisho? Inaweza kuwa kweli kwamba nguzo ina ufa, na ikawa kweli pia kwamba diwani anayepinga kufungwa kwa daraja ana duka ng'ambo ya pili. Kati ya kweli hizo mbili, ni ile ya kwanza tu inayozungumzia daraja.

2. Kuna tofauti gani kati ya hoja potofu na uongo?

Mwongo anajua kwamba asemalo si kweli. Hoja potofu inaweza kujengwa kwa maneno ya kweli matupu, na mtu mwenye nia safi kabisa, kwa sababu kosa lake limo katika kiungo kinachounganisha sababu na hitimisho. Ndiyo maana si haki kumwita mtu mwongo kwa kuwa tu hoja yake imelegea.

3. Je, elimu hii si ya kigeni kwetu?

Orodha ya zamani inayojulikana zaidi ni ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, ambaye alitaja aina 13 za hoja potofu: sita zinazotokana na lugha, na saba zisizotokana na lugha. Kazi zake zilitafsiriwa kwa Kiarabu, zikafafanuliwa na wanazuoni kama Ibn Sina, na somo hilo likawa sehemu ya elimu ya Kiislamu kwa karne nyingi. Maneno tunayoyatumia leo yana asili ya Kiarabu: mantiki, hoja, dalili, mjadala.

Hata bila vitabu hivyo, Kiswahili chenyewe kina majina ya makosa haya. Anayesema "usinilishe maneno" anakataa kosa ambalo wanamantiki wameliandikia kurasa nyingi, na mzee barazani anayeamuru "jibu hoja, usimjibu mtoa hoja" anafundisha somo la kwanza la mantiki. Sioni sababu ya kumfanya mtu aamini kwamba fikra sahihi ni mali iliyoagizwa kutoka nje.

4. Hoja ikiwa potofu, je, hitimisho lake ni uongo?

Hapana, na kosa hili huwapata zaidi wale waliojifunza mantiki kidogo. Mtu akisema kwamba maji ya kisima fulani si salama kwa sababu aliyekichimba hana adabu, hoja yake haifai kitu, lakini kisima kinaweza kuwa karibu na choo na maji yake yakawa machafu kweli. Kuanguka kwa hoja kunaturudisha mahali pa kuanzia, ambapo hatujui. Dawa yake ni kuyapima maji.

## Zinazosikika mara nyingi zaidi

5. Kumshambulia mtu badala ya hoja kukoje, na kwa nini kunafanikiwa?

Tuchukue mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati anatangaza kwamba mchango wa chakula utapanda kutoka shilingi 15,000 hadi 25,000 kwa muhula. Mama mmoja aliyekaa viti vya nyuma, mtoto mgongoni, ananyoosha mkono na kuuliza yalinunuliwa magunia mangapi ya mahindi muhula uliopita, na kwa bei gani. Anajibiwa: "Mama, wewe umehamia juzi tu hapa mtaani, hata historia ya shule hii huijui." Watu wanacheka, mama anakaa, ajenda inayofuata inasomwa. Magunia hayakuhesabiwa.

Mbinu hii inafanikiwa kwa sababu inabadili swali bila kutangaza kwamba limebadilishwa. Mkutano ulikuwa unazungumzia mahindi, ghafla unazungumzia ugeni wa mama, na yeye analazimika ama kujitetea ama kunyamaza. Jibu linalofaa halihitaji kujitetea: "Ni kweli mimi ni mgeni. Magunia yalikuwa mangapi?"

6. Na ile ya "mbona hata wewe"?

Ni ndugu wa kosa lililotangulia. Baba mvutaji sigara anamwonya mwanawe asivute, mwana anajibu kwamba baba naye anavuta. Methali ya nyani haoni kundule inamshtaki baba kwa unafiki, na pengine inastahili, lakini moshi unaharibu mapafu ya mwana vilevile. Katika siasa kosa hili huvaa sura ya kitaifa: ukitaja ubadhirifu wa chama kimoja, unaulizwa mbona hukusema chama kingine kilipoiba. Wizi wa wa pili haujawahi kurudisha fedha za wa kwanza.

7. Je, tabia ya msemaji haipaswi kuangaliwa kamwe?

Inapaswa, pale ambapo tunaombwa tuliamini neno lake. Shahidi mahakamani anayesema "niliona" anatutaka tumwamini yeye, hivyo rekodi yake ya kusema uongo ni jambo la maana. Mgombea anayeomba akabidhiwe hazina naye historia yake ya fedha inahusika. Mtu akileta sababu ambayo sote tunaweza kuikagua, kama magunia ya swali la 5, tabia yake haiongezi wala haipunguzi.

8. Kumlisha mtu maneno ni nini?

Ni kumvika mwenzako hoja asiyoisema, iliyo dhaifu kuliko yake, kisha ukaishinda hiyo. Mtu anasema watoto wapunguziwe kazi za nyumbani ili wapate muda wa kusoma, mwenzake anapaaza sauti: "Kwa hiyo unataka tulee watoto wavivu wasiojua hata kufua!" Kipimo chake ni chepesi. Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako na umuulize kama ndivyo alivyosema. Akijibu "ndiyo, hasa," endelea. Nimesimamia midahalo ya wanafunzi ambayo nusu ya ugomvi wake ulikwisha kwa sharti hilo moja.

9. Samaki mmoja akioza, je, si wote wameoza?

Ndani ya tenga moja, kwenye joto, pengine ndiyo, kwa sababu uozo husambaa na samaki hao wamehifadhiwa pamoja. Kwa binadamu hakuna tenga la namna hiyo. Anayesema "watu wa kabila lile ni wezi, mimi aliniibia mmoja" amemchukua mtu mmoja akamfanya kipimo cha mamilioni. Ukubwa wa mfano si tatizo pekee, kwani hata mifano mia haitoshi ikiwa yote imetoka mahali pamoja. Askari magereza hukutana na wahalifu wengi kutoka kila kabila, lakini hilo halimpi picha ya kabila lolote, maana waaminifu hawaletwi kwake.

Kosa hili limemwaga damu katika eneo letu, ndiyo maana nalihimiza kuliko mengine. Kila linaporuhusiwa kupita kama utani wa kawaida mezani, linazoeleka, na siku ya hasira linakuwa tayari kutumika.

10. Jambo likitokea baada ya jingine, je, la kwanza halikusababisha la pili?

Huenda likawa limesababisha, lakini mfuatano peke yake hauthibitishi. Mapema mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo. Wengi walirudi wakisema: nilikunywa, nikapata nafuu. Hatuna haja ya kuwaita waongo. Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, na watu husafiri kutafuta tiba wakati hali imekuwa mbaya zaidi, hivyo nafuu ingeweza kufuata hata bila kikombe. Matumaini nayo humpa mgonjwa nguvu kwa siku kadhaa. Juu ya hayo, aliyefariki hakurudi kusimulia, kwa hiyo ushuhuda uliosikika ulikuwa wa upande mmoja. Ili kujua, ingebidi kuwalinganisha waliokunywa na wengine wenye ugonjwa uleule, wa kiwango kilekile, ambao hawakunywa.

Wakati mwingine mambo mawili huandamana kwa sababu yote yanatokana na la tatu. Neno malaria limetoka katika Kiitaliano likiwa na maana ya hewa mbaya, maana kwa karne nyingi watu waliona kwamba wanaoishi penye harufu ya vinamasi ndio wanaougua. Waliona sawasawa, wakahitimisha vibaya. Kinamasi ndicho kilichotoa harufu, na kinamasi hichohicho ndicho kilichozalisha mbu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Wanaodharau uchunguzi wa watu wa kale wakumbuke kwamba ulikuwa makini, uliteleza hatua ya mwisho tu.

11. Nitaitambuaje hoja inayojizunguka?

Ondoa hitimisho, kisha uone kama sababu bado inaweza kusimama. "Katibu ni mwaminifu kwa sababu hawezi kutudanganya" ni sentensi moja iliyosemwa mara mbili. Jamaa yake wa karibu ni swali la mtego, kama "Fedha ulizokula ulizitumia kufanya nini?", ambalo huwezi kulijibu bila kukiri jambo ambalo halijathibitishwa. Usijibu swali, livunje vipande viwili na uanze na kile cha kwanza.

12. "Uko nasi au uko nao": kuna ubaya gani?

Ubaya ni pale njia ya tatu inapofichwa. Mtu anaweza kuipenda nchi yake na kuikosoa bajeti yake, au kuunga mkono ujenzi wa barabara na kukataa kiwango cha fidia. Kuna nyakati ambapo njia ni mbili kweli, kama kupiga kura ya ndiyo au hapana, na hapo kusema hivyo si kosa.

## Wengi, wakubwa na methali

13. Je, "wengi wape" si msingi wa demokrasia?

Ni msingi wa kuamua tufanye nini pamoja, ambalo ni jambo tofauti na kujua lipi ni kweli au lipi ni haki. Historia ya Tanzania ina mfano ambao ningependa kila mwanafunzi aufahamu. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, takriban asilimia 20 wakataka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 ikawa sheria.

Wapo wanaosema tume iliwapuuza wengi. Nadhani iliona kwamba swali lililo mbele yake halikuwa la kuhesabu vichwa peke yake, kwani wanaotaka chama kimoja hawazuiwi na mfumo wa vyama vingi kukipigia kura chama hicho, ilhali wanaotaka chama kingine wanazuiwa kabisa na mfumo wa chama kimoja. Mtu anaweza kuipinga hoja hiyo kwa sababu nyingine, lakini hawezi kuiangusha kwa kutamka tu "asilimia 80."

Kuhusu ukweli wa mambo ya asili, idadi ya wanaoamini haina uzito wowote. Ujumbe uliosambazwa mara elfu hamsini umethibitisha kwamba watu wana simu.

14. Je, kumnukuu mtaalamu au kiongozi ni hoja potofu?

Si lazima. Hakuna anayeweza kuchunguza kila kitu mwenyewe, na kumsikiliza daktari kuhusu shinikizo la damu ni busara. Nukuu huharibika pale mtu anapotajwa nje ya fani yake, pale wataalamu wenzake wengi wanapompinga na hilo likafichwa, au pale maneno yanapotajwa bila kujulikana yalisemwa wapi na lini.

Tanzania kauli "Mwalimu alisema" hufunga mjadala haraka. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe, akihojiwa mwaka 1984, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Anayemnukuu wa miaka ya 1970 kutetea kuvunjwa kwa ushirika anamnukuu mtu ambaye baadaye alijikosoa. Njia ya kumheshimu ni kuuliza alikuwa na sababu gani, kisha kuipima sababu hiyo kwa hali ya leo.

15. Je, methali ni ushahidi?

Swali hili huulizwa kila mahali, na wanaoliuliza mara nyingi wanaogopa kuonekana wanadharau lugha yao. Methali ni hekima iliyobanwa ikawa fupi, na ufupi huo umegharimu masharti yake. "Haraka haraka haina baraka" haisemi ni haraka ipi, na "ngoja ngoja huumiza matumbo" haisemi ni kungoja kupi. Zote mbili ni za kweli mahali pake, na kwa hiyo hakuna hata moja inayoweza kukuambia kama mkopo huu uuchukue leo au usubiri mwezi ujao. Kadhalika anayeambiwa "mtegemea cha nduguye hufa maskini" anaweza kujibu "kidole kimoja hakivunji chawa," na wakaendelea hivyo hadi usiku bila kusogea hatua.

Ziko zinazohitaji uangalifu zaidi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" humhukumu mtu kwa asili yake kabla hajatenda. "Dalili ya mvua ni mawingu" ni onyo zuri kwa mkulima, lakini huleta kosa tukiigeuza: mvua ikija huja na mawingu, ila mawingu hayaji na mvua kila mara, na aliyeonekana karibu na duka usiku wa wizi si lazima awe mwizi. Inayonitia wasiwasi kuliko zote ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja." Uvumi ukithibitika, methali imeshinda, usipothibitika, unaambiwa ungoje. Kauli isiyoweza kushindwa na tukio lolote haituambii kitu kuhusu tukio lolote.

Itumie methali kufungua mazungumzo au kuyafanya yakumbukwe. Baada ya kuitamka, leta sababu ya jambo lililo mbele yenu.

16. Nitamwambiaje mzee kwamba hoja yake haisimami, bila kumvunjia heshima?

Kwa kuuliza, na kwa kumpa nafasi ya kuitengeneza mwenyewe. Tuseme ukoo umekaa kuamua kama sehemu ya shamba iuzwe ili kulipia matibabu ya figo ya mmoja wao. Baba mkubwa anasema: "Nimeishi miaka 70, sijamwona aliyeuza shamba akafanikiwa." Kijana akisema "hiyo ni hoja potofu," mazungumzo yamekufa, na haki yake itakuwa imemponyoka hata kama amesema sawa. Anaweza kusema: "Baba mkubwa, nimelipokea ulilosema, na umeona mengi kuliko sisi. Naomba utusaidie jambo moja: hao waliouza ukawaona, waliuza ili wafanye nini?"

Hapo mzee anakumbuka. Mmoja aliuza akanunua pikipiki, mwingine akafanya harusi ya siku tatu. Yeye mwenyewe ndiye anayeona, mbele ya watu wake, kwamba hakuna hata mmoja aliyeuza kumwokoa mgonjwa, na kwamba mifano yake, ingawa ya kweli, si ya jambo hili. Huenda bado akapinga, pengine kwa sababu nzuri zaidi, kama vile kwamba ardhi ikianza kukatwa itakatwa tena. Sasa ipo hoja ya kujadiliwa (tazama swali la 20).

## Lugha yenyewe

17. Lugha inawezaje kupotosha hoja?

Kwa neno moja kubeba maana mbili ndani ya hoja moja. Neno dawa hutumika kwa vidonge vya hospitali, mitishamba, dawa ya panya na hata uganga, hivyo anayesema "hii nayo ni dawa" hajasema bado kama inatibu. Kijana, kwa Katiba ya Kenya ya 2010, ni mwenye umri wa miaka 18 ambaye hajafika 35, lakini katika kampeni mtu wa miaka 48 huitwa kijana pia; takwimu za "vijana" zikichanganywa na maana hizo mbili, hitimisho halina mwenyewe.

Muundo wa sentensi nao hupotosha. "Wanachama wote hawajalipa" inaweza kueleweka kwamba hakuna aliyelipa hata mmoja, au kwamba si wote waliolipa. Nimeona kikao cha kikundi cha akiba kikikaribia kuvunjika kwa sentensi hiyo: mweka hazina alimaanisha wamebaki watatu, waliolipa wakasikia kwamba michango yao haikuingizwa. Katika kumbukumbu za vikao, andika "hakuna aliyelipa" au "si wote waliolipa."

18. Kitu cha asili si salama kuliko cha kiwandani?

Neno asili linaeleza kilikotoka kitu, halielezi kinachofanya mwilini. Mihogo michungu isipoandaliwa vizuri ina sumu ya sianidi, na mwaka 2004 sumukuvu, inayotokana na kuvu wanaoota wenyewe kwenye nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyoathirika. Vitu vya viwandani navyo vina vyenye kuua. Kila kimoja kipimwe chenyewe.

## Fedha na bahati

19. Nimechaniwa mkeka wa kubashiri mechi mara sita mfululizo. Je, zamu yangu haijakaribia?

Hapana. Sarafu iliyoanguka upande mmoja mara sita haikumbuki ilivyoanguka, na mara ya saba nafasi ni nusu kwa nusu kama ya kwanza. Mkeka wenye mechi tano, hata tukichukulia kwamba kila moja ina nafasi ya nusu, hushinda mara moja katika 32, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3, na mikeka sita iliyochanika haibadilishi hesabu hiyo.

Kosa la karibu yake ni la kuendelea kwa sababu umekwisha kutoa fedha nyingi. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" hutajwa sana na watu waliokwama kwenye upatu uliojificha kama biashara. Fedha iliyokwisha kutoka imetoka, ukiendelea au ukiacha. Swali lililobaki ni moja: kama ningekuwa sijatoa hata senti, leo ningeingia?

## Zenye utata

20. Kuonya kwamba jambo dogo litazaa kubwa ni kosa daima?

Usipoziba ufa utajenga ukuta ni onyo la haki, kwa sababu tunajua jinsi ufa unavyokua: maji yanaingia, udongo unalegea, uzito unahama. Onyo huwa potofu pale hatua za katikati zinaporukwa, kama anayedai kwamba msichana akiruhusiwa kucheza mpira wa miguu ndoa zote zitavunjika. Mtake msemaji akutajie kila hatua na aeleze kwa nini hakuna pa kusimama njiani. Baba mkubwa wa swali la 16 anaweza kuzitaja: mdai wa pili atatumia mfano wa wa kwanza, na ukoo hautakuwa na msingi wa kumkatalia. Hiyo ni hoja nzito.

21. Mimi nimedai, yeye ameshindwa kukanusha. Je, sijashinda?

Aliyedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ndivyo zinavyosema sheria za ushahidi za Tanzania na Kenya, na ndivyo inavyosema kanuni ya kifikihi, yaani ya sheria za Kiislamu, inayomtaka mdai alete ushahidi. Kushindwa kuthibitisha kwamba jirani si mchawi hakumfanyi awe mchawi. Ukimya nao si ukiri. Mtu hunyamaza kwa woga, kwa adabu, au kwa kukosa nafasi, kama yule mama wa swali la 5.

22. Nikilitambua kosa, je, kulitaja kwa jina kunatosha?

Mara chache. Jina humsaidia anayelijua tayari, na wengine husikia tusi. Chukua umbo la hoja ileile ulijaze mambo mengine ambayo mwenzako anaona wazi kwamba si sawa. Akisema tiba fulani inafaa kwa kuwa wazee waliitumia miaka mingi, mkumbushe kwamba kuchanja kifua kwa wembe mmoja watu wengi nako kulifanywa miaka mingi. Umbo ni moja. Ikiwa anakataa la pili, itabidi alete sababu nyingine kwa la kwanza, na huenda anayo.

23. Si bora kusambaza tahadhari hata kama haijathibitishwa? Ikiwa ni uongo, hakuna hasara.

Ujumbe wa namna hii huja na maneno yanayofanana: gari jeupe linaiba watoto, tuma kwenye makundi yote, kinga ni bora kuliko tiba. Hoja yake imehesabu hasara ya upande mmoja, ya mtoto kuibwa ikiwa habari ni ya kweli na hukuisambaza. Imeacha hasara ya upande wa pili, ya dereva wa gari jeupe anayesimama mtaani kuuliza njia, akakuta watu mia waliokwisha kusoma ujumbe ule. Watu wamewahi kupigwa hadi kufa kwa uvumi wa aina hii, na hakuna kati ya waliousambaza aliyedhani anaua.

Muulize aliyekutumia: umeliona mwenyewe au umetumiwa? Ni mtaa gani, siku gani, kituo gani cha polisi kimepokea taarifa? Majibu yakikosekana, ujumbe ubaki kwenye simu yako. Mzazi mwenye hofu anaweza kumsindikiza mwanawe hadi getini asubuhi na kumpokea jioni, na tahadhari hiyo haimweki hatarini mpita njia yeyote.